Jaribio Lisiloanza Mpaka Liombwe

Draiva ni sehemu ya kerneli inayojua kusema na kifaa fulani: kadi ya mtandao, chipu ya michoro, kumbukumbu ya flashi, kisoma kadi. Jaribio la ndani la draiva ni msimbo wa ziada unaokaa pamoja nayo kwa ajili ya kuipima. Jaribio huiamuru draiva ifanye jambo, hungoja jibu, kisha hulilinganisha jibu hilo na lile lililotarajiwa. Kerneli ya Linux ina majaribio mengi ya aina hii, na kwa upande wa hatari yanaangukia makundi mawili yaliyo mbalimbali sana.

Kundi la kwanza halihitaji kifaa chochote. Jaribio hutengeneza kifaa cha kuigiza ndani ya kumbukumbu, hukikabidhi kwa draiva, na kuangalia kama hesabu zinakwenda sawa: orodha zimepangwa inavyotakiwa, anwani hazigongani, kumbukumbu iliyochukuliwa imerudishwa. KUnit, mfumo ulioingia katika toleo la 5.5 mnamo Januari 2020, ulijengwa hasa kwa majaribio ya namna hii. Kwa njia yake kerneli nzima huweza kuendeshwa kama programu ya kawaida kwenye kompyuta ya msanidi, majaribio yakapita, matokeo yakachapishwa, na programu ikafungwa bila kompyuta kuzimwa. Jaribio likianguka, hasara ni sekunde chache.

Kundi la pili hugusa kifaa halisi. Hutuma amri kwenye chipu, huandika kwenye rejista zake, hufuta vitalu vya kumbukumbu, huizima chipu na kuiwasha, na mara nyingine huipa amri mbovu kwa makusudi ili kuona kama draiva itaweza kuirudisha katika hali nzuri. Haya ndiyo majaribio yanayofichua kasoro ambazo kuigiza hakuwezi kufichua, kwa sababu kifaa cha kuigiza hufanya kile tu ambacho mwandishi wake alidhani kifaa halisi hufanya. Hayohayo ndiyo yanayoweza kuikwamisha kompyuta, kufuta data, au kuua kifaa kisifufuke. Sura hii inahusu namna ya kuyahifadhi ndani ya kerneli, yaendelee kutumika na kuboreshwa, bila kumwangukia mtu ambaye hakuyaomba.

Madhara yasiyoisha kwa kuzima na kuwasha

Kasoro nyingi za programu huishia pazuri: kompyuta ikizimwa na kuwashwa, hali iliyoharibika inapotea na kazi inaanza upya. Vifaa havina dhamana hiyo. Kadi ya mtandao huwa na kumbukumbu ndogo ya kudumu inayohifadhi anwani yake na mipangilio inayohitajika ili itambulike. Ubao mama una chipu yenye programu ya kuwashia. Kumbukumbu ya flashi ina idadi ya mara inazoweza kufutwa kabla ya kuchakaa: kama mara laki moja kwa flashi ya NAND inayoweka biti moja kwa seli, na mara elfu chache tu kwa aina nyingi zinazoweka biti zaidi. Kosa likifika huko, kuzima na kuwasha hakusaidii kitu.

Historia ya Linux ina mifano ya kutosha, na inafaa kuikumbuka kwa undani kwa sababu karibu yote ilianza na amri iliyoonekana salama. Mwaka 2003 Mandrake Linux 9.2 ilitoka ikiwa na kerneli iliyotuma kwa visoma CD amri ya FLUSH CACHE, yaani amri ya kumalizia kuandika data iliyokuwa ikisubiri kwenye kashe. Kwa kifaa kinachosoma tu, amri kama hiyo ilipaswa kukataliwa au kupuuzwa. Baadhi ya visoma CD vya LG viliichukua kuwa ni ombi la kupokea famwea mpya, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe. Famwea iliyokuwemo ikaharibika na kifaa kikafa mezani pa mtu aliyekuwa anasakinisha mfumo tu.

Miaka michache kabla ya hapo, watumiaji wa baadhi ya kompyuta za ThinkPad za IBM walikutana na balaa la namna hiyo kupitia programu za kutafuta vipimajoto. Programu hizo zilipita anwani baada ya anwani kwenye njia ndogo ya mawasiliano ndani ya kompyuta, zikibisha hodi ili kujua nani yupo. Kwenye njia hiyohiyo kulikuwa na chipu ya EEPROM aina ya 24RF08, ambayo namna fulani ya kubisha hodi iliyavuruga yaliyomo. Kompyuta ilipowashwa tena, ilikuta data yake ya msingi si sahihi na ikakataa kuendelea. Wasanidi wakaifanya draiva ya njia hiyo ikatae kufanya kazi kabisa kwenye mashine za IBM. Hadi leo i2cdetect, programu ya kuchungulia njia za aina hiyo, hutoa onyo na kungoja mtumiaji akubali kabla ya kuanza.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni wa mwaka 2008. Wakati toleo la 2.6.27 lilipokuwa likiandaliwa, watu waliokuwa wakiijaribu kerneli hiyo mpya walianza kuona kadi za mtandao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zikifa moja baada ya nyingine. Kumbukumbu ya kudumu ya kadi hizo ilikuwa imeandikwa takataka. Kwa majuma kadhaa macho yote yalikuwa kwenye draiva ya e1000e, na draiva hiyo ilichunguzwa mstari kwa mstari. Chanzo hakikuwa humo. Kilikuwa kwenye ftrace, zana ya kufuatilia mwenendo wa kerneli, ambayo haina uhusiano wowote na mtandao. Ftrace ya wakati huo ilikuwa ikiweka kumbukumbu ya sehemu za msimbo itakazozirekebisha baadaye, kisha kurudi na kuziandika upya. Baadhi ya sehemu hizo zilikuwa katika msimbo wa kuanzishia moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika), ambao hutupwa mara baada ya kutumika. Nafasi iliyoachwa wazi ilipogawiwa tena, kwenye baadhi ya mashine iliangukia kwenye dirisha la kumbukumbu ya kudumu ya kadi ya mtandao. Ftrace ilikuwa na tahadhari: kabla ya kuandika, ilithibitisha kwamba kilichopo ndicho ilichokitarajia. Lakini amri ya prosesa iliyotumika kulinganisha na kubadilisha hutoa tendo la kuandika hata pale ulinganisho unaposhindwa. Kwenye kumbukumbu ya kawaida hilo halina athari, kwa kuwa thamani ileile hurudishwa mahali pake. Kwenye dirisha la kifaa, kuandika ni amri.

Toleo la 2.6.27 lilitoka tarehe 9 Oktoba 2008. Draiva ya e1000e ilikuwa tayari imeongezewa ulinzi wa kufunga kumbukumbu hiyo isiandikwe ovyo, na katika 2.6.27.1 sehemu husika ya ftrace ilizimwa kabisa hadi ilipoundwa upya. Kisa hiki kinaonyesha jambo ambalo mwandishi wa majaribio hana budi kulibeba kila siku: hata tahadhari iliyoandikwa kwa nia njema inaweza kuwa yenyewe ndiyo njia ya madhara, na mtu anayedhurika ni yule aliyejitolea kuijaribu kerneli kabla ya wengine. Watu hao ni wachache na ni wa thamani kubwa. Kila kifaa chao kinachokufa huwapunguza.

Kifaa namba sifuri

Ikiwa amri zilizodhaniwa kuwa salama zimeua vifaa, majaribio yaliyoandikwa kwa kusudi la kubana kifaa mpaka mwisho wa uwezo wake yanahitaji uangalizi zaidi. Mfano ulio wazi ni majaribio ya MTD, mfumo wa kerneli unaohudumia flashi zisizo na kidhibiti chao, zile zinazopatikana kwenye ruta, simu za zamani, kamera na mashine za viwandani.

Majaribio haya yaliingia katika kerneli mwaka 2009, katika toleo la 2.6.29. Moja husoma kila ukurasa. Jingine hupima kasi. Jingine hufuta na kuandika sehemu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Na mtd_torturetest, kama jina lake linavyotangaza, hufuta na kuandika vitalu vilevile tena na tena ili kujua vitadumu kwa muda gani. Kwa mhandisi anayechagua chipu itakayokaa miaka 10 ndani ya mita ya umeme, hilo ni jaribio la lazima. Kwa mtu mwingine yeyote, ni njia ya kuichakaza flashi bila faida.

Majaribio haya yamewekewa milango. Katika menyu ya usanidi wa kerneli, chaguo la MTD_TESTS lina neno la kuonya hatari ndani ya jina lake, kwa herufi kubwa, na maelezo yake yanasema wazi kwamba baadhi ya majaribio hufuta kifaa kizima. Zaidi ya hayo, majaribio hayawezi kujengwa ndani ya kerneli yenyewe. Hujengwa kama moduli tu, ili yasianze yenyewe kompyuta inapowashwa. Mtu sharti aipakie moduli kwa mkono wake.

Hata hivyo, hapo mwanzo palikuwa na shimo. Kila moduli ilipokea parameta iitwayo dev, namba ya kifaa cha kupimwa, na ikiwa mtu hakutoa namba, moduli ilichukua sifuri. Kwenye bodi nyingi ndogo, mtd0 ndimo programu ya kuwashia inamokaa. Kwa hiyo mtu aliyeipakia moduli kwa udadisi, au kwa skripti iliyopakia kila moduli ili kuona kama inapakika, alikuwa amefuta kile ambacho bila hicho bodi haiwezi kuwaka. Kuirudisha kulihitaji kuunganisha waya moja kwa moja kwenye chipu na kuiandika upya kutoka nje.

Marekebisho yaliyofuata yalikuwa madogo mno kwa idadi ya mistari. Thamani ya msingi ya dev ilibadilishwa kutoka sifuri kuwa namba hasi, isiyo ya kifaa chochote. Tangu hapo, moduli ikipakiwa bila namba hukataa kuanza, humwomba mtumiaji ataje kifaa, na humkumbusha kwamba jaribio litafuta data yote iliyomo. Mlango huu wa tatu una uzito kuliko miwili ya kwanza, kwa sababu haumwulizi mtu kama anakubali. Unamtaka ataje kwa namba kitu anachokubali kukipoteza. Mtu anaweza kukubali onyo bila kulisoma. Kutaja kifaa hakuwezekani bila kukifikiria.

Draiva ya mmc_test, inayopima vidhibiti vya kadi za kumbukumbu, ilifika kwenye wazo hilohilo kwa njia nyingine. Kuwapo kwake ndani ya kerneli hakuanzishi chochote. Mtumiaji hulazimika kwanza kuitoa kadi mikononi mwa draiva ya kawaida, kuikabidhi kwa mmc_test, kisha kuandika namba ya jaribio katika faili linaloitwa test lililo ndani ya debugfs, mfumo wa mafaili wa wasanidi. Yaliyomo kwenye kadi yatafutwa, na maelezo yanasema hivyo. Hatua hizi tatu haziwezi kufuatana kwa bahati mbaya.

Chipu za michoro na majaribio yanayovunja masharti

Draiva ya i915 huhudumia chipu za michoro za Intel, zilizomo katika idadi kubwa ya kompyuta mpakato duniani. Majaribio yake ya ndani yalianza kuingizwa mwaka 2017, na mpangilio wake ni wa kuigwa. Yamegawanywa wazi katika yale ya kuigiza, yale ya kifaa halisi na yale ya kupima kasi. Ili yapatikane, lazima yachaguliwe wakati wa kujenga kerneli, na chaguo hilo limezimwa mpaka msanidi aliwashe. Ili yaendeshwe, lazima parameta maalumu itolewe wakati moduli inapopakiwa. Thamani ya 1 huendesha majaribio na kuiacha draiva iendelee na kazi. Thamani ya hasi 1 huendesha majaribio kisha huisitisha draiva hapohapo, ili chipu iliyotoka kusumbuliwa isikabidhiwe skrini ya mtu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndani ya majaribio hayo ya kifaa halisi kuna kundi dogo lililotengwa zaidi. Mtengenezaji wa chipu huandika masharti ya matumizi: amri hii isifuate ile, rejista hii isiguswe chipu ikiwa katika hali fulani. Majaribio ya kundi hili huvunja masharti hayo kwa kukusudia. Faida yake ni halisi. Chipu mpya inapofika maabara kwa mara ya kwanza, wahandisi wanahitaji kujua nini hasa hutokea pale mpaka unapovukwa, kwa sababu programu yenye kosa au yenye nia mbaya siku moja itauvuka. Lakini matokeo ya kuvuka mpaka hayatabiriki. Chipu inaweza kukwama kiasi kwamba hata kuiweka upya kwa njia ya draiva hakuiamshi, na kompyuta nzima ikaganda.

Kundi hilo limewekwa chini ya chaguo lake, DRM_I915_SELFTEST_BROKEN, ambalo hutegemea chaguo jingine la jumla liitwalo BROKEN. Hili la pili halionekani katika menyu. Hakuna kitufe cha kuliwasha, na mtu anayelitaka lazima afungue faili la usanidi la kerneli na kulibadilisha kwa mkono. Ni mlango mzito kuliko yote iliyopo, na upo kwa sababu milango myepesi haiwazuii wageni wa aina moja muhimu: roboti.

Roboti zinazowasha kila kitu

Kerneli ya leo haijaribiwi na watu peke yao. Roboti ya majaribio ya Intel hujenga kerneli kwa usanidi wa kila aina, na KernelCI, mfumo mwingine wa kujaribu kerneli, huiwasha kerneli hiyo kwenye bodi halisi zilizo katika maabara mbalimbali. Baadhi ya usanidi huo hutengenezwa kwa amri zinazowasha kila chaguo linaloweza kuwashwa, au zinazochagua kwa bahati nasibu. Kwa roboti, onyo lililoandikwa katika maelezo ya chaguo halina maana yoyote. Roboti haisomi maelezo. Ikiwa jaribio la hatari limefungwa kwa chaguo la usanidi pekee, na huanza lenyewe kerneli inapowaka, basi siku moja litaanza mahali ambapo hakuna mtu aliyeliomba.

Kuna somo la zamani kuhusu hili. Kwa miaka mingi kerneli ilikuwa na chaguo lililoitwa EXPERIMENTAL, lililokusudiwa kuficha msimbo usiokomaa. Draiva nyingi zilizokuwa zikitumika kila siku ziliachwa chini yake muda mrefu baada ya kukomaa, hivyo kila msambazaji wa Linux alilazimika kuliwasha, na likakoma kumzuia yeyote. Kuanzia 2012 lilianza kuondolewa katika faili za usanidi. Kasoro yake haikuwa kwamba lilikuwa dhaifu. Lilikuwa pana mno. Lilichanganya kitu kisichokomaa, kitu cha kawaida na kitu cha hatari chini ya swichi moja, na swichi inayohitajika na kila mtu haiwezi kumlinda mtu.

Hali inayofanana inaweza kurudi kupitia KUnit. Kwa desturi, kila jaribio jipya la KUnit hufuata chaguo la jumla la KUNIT_ALL_TESTS, ili msanidi anayetaka majaribio yote ayapate kwa hatua moja. Desturi hiyo ni nzuri maadamu majaribio yote ni ya kundi la kwanza, lisilogusa kifaa. Jaribio linaloandika kwenye kifaa halisi halipaswi kufuata chaguo hilo. Anayeomba majaribio yote anaomba yote yaliyo salama, hata kama hakulisema neno hilo la mwisho, na kumpa zaidi ya hapo ni kumsaliti.

Kwa hiyo mlango wenye nguvu ni ule ulio kwenye uendeshaji. Kerneli ina vyombo vyake vya kuujenga. Parameta ya moduli inaweza kutangazwa kuwa isiyo salama: mtu akiitumia, kerneli hutiwa doa, alama inayobaki mpaka kompyuta izimwe na inayoonekana katika kila ripoti ya hitilafu. Parameta za majaribio ya i915 ni za aina hiyo. Tangu toleo la 6.0, la mwaka 2022, kuna pia doa maalumu, herufi N, linalowekwa pale jaribio la ndani ya kerneli linapoendeshwa. Doa halimzuii mtu. Linamwambia yule atakayesoma ripoti kwamba kerneli hii imepitia jaribio, na kwamba hitilafu inayolalamikiwa huenda imetoka huko. Pasipo alama hiyo, msanidi anaweza kutumia siku nyingi akiwinda kosa ambalo jaribio lenyewe lilikuwa limelipanda.

Njia nyingine ni kuacha jaribio liendeshwe na wote, lakini kwa kipimo kidogo. Majaribio ya kuondoa na kurudisha prosesa na kumbukumbu wakati kompyuta inafanya kazi hufanya hivyo. Kwa kuwa kwenye mashine fulani yanaweza kukwama bila mwisho, yakiendeshwa kwa kawaida hugusa prosesa moja tu, na hugusa asilimia 2 ya kumbukumbu inayoweza kuondolewa. Anayetaka kipimo kamili, yaani prosesa zote na asilimia 10 ya kumbukumbu hiyo, huiita shabaha yake maalumu, run_hotplug. Mpango huu unafaa pale hatari inapokua kadiri kipimo kinavyokua. Haufai pale tendo moja linatosha kuleta madhara. Hakuna namna ya kufuta programu ya kuwashia kwa asilimia 2 ikabaki inafanya kazi.

Mfano wa mpangilio uliokwenda kinyume upo pia, na ni wa zana inayotumika sana. Amri ya ethtool yenye alama ya -t huiambia kadi ya mtandao ijipime. Kuna kipimo chepesi kisichokatiza mawasiliano, na kuna kipimo kamili kinachoweza kuyakatiza. Asipotaja mtumiaji anachotaka, hupata kile kamili. Msimamizi aliyeingia kwenye seva ya mbali kupitia kadi hiyohiyo anaweza kujikuta amekatiwa njia kwa swali alilodhani ni la kawaida. Mpangilio huo ni wa zamani na skripti nyingi zimeuzoea, hivyo kuugeuza sasa kungevunja kazi za watu. Hii ndiyo sababu uamuzi wa nini kifanyike mtu asipotaja chochote unastahili kufikiriwa siku ya kwanza jaribio linapoandikwa. Baada ya hapo huwa ahadi.

Gharama ya mlango uliofungwa

Kufunga jaribio kuna hasara zake, na kuzificha si haki kwa wale wanaoyaandika. Toleo jipya la kerneli hutoka kila baada ya majuma 9 au 10, na katika kila toleo miundo ya ndani hubadilika: jina la kazi, idadi ya hoja zake, umbo la data. Msimbo usiojengwa na mtu hauvunjiki kwa kelele. Huharibika kimyakimya, na siku mhandisi anapouhitaji kwa chipu mpya anaukuta haukompailiki. Hili ndilo tatizo la BROKEN. Linazuia roboti kuendesha jaribio, lakini linazizuia pia kulijenga, ilhali kujenga hakumdhuru yeyote. Chaguo la COMPILE_TEST, lililoongezwa mwaka 2013, linatoka kwenye fikra iliyo bora zaidi: msimbo ujengwe kwa upana hata pale ambapo hauwezi kutumika, ili makosa ya kujenga yaonekane mapema. Jaribio la hatari linalojengwa na wote na kuendeshwa na wachache hubaki hai. Linalofichwa kabisa huwa linangojea kuoza, na BROKEN inafaa iwe kimbilio la mwisho.

Hasara ya pili ni kwamba mlango unaweza kugeuzwa maficho. Jaribio linaloanguka mara kwa mara huudhi, na njia rahisi ya kuliondoa machoni ni kuliita la hatari. Mambo haya mawili yanahitaji kutenganishwa bila huruma. Jaribio la hatari ni lile linaloweza kuacha kifaa au data katika hali isiyorudi hata pale draiva inapofanya kazi sawasawa, au linalovuka masharti ya mtengenezaji. Jaribio linaloanguka kwa sababu draiva ina kosa si la hatari. Linafanya kazi iliyoliweka hapo, na kulifunga ni kulizika kosa pamoja nalo. Lile linalochukua muda mrefu nalo si la hatari. Majaribio ya i915 hulimaliza tatizo hilo kwa kuweka kikomo cha muda kinachoweza kurefushwa kwa parameta, cha msingi kikiwa nusu sekunde kwa vitanzi vinavyokiheshimu.

Mwandishi anayeliwasilisha jaribio la hatari anawiwa maelezo ya aina tatu na wale watakaolikagua: ni hali gani ya kudumu jaribio linaigusa, ni kifaa gani limekwisha kuendeshwa juu yake, na kifaa kitarudishwaje likikiacha vibaya. La tatu mara nyingi husahaulika. Maabara yenye bodi za majaribio huwa na swichi ya umeme inayodhibitiwa kutoka mbali, waya wa mawasiliano ya moja kwa moja na bodi, na kifaa cha kuandikia flashi kutoka nje. Mtu mwenye kompyuta mpakato moja, anayoitumia pia kwa kazi na masomo, hana hata kimoja kati ya hivyo, na maelezo yaandikwe mwandishi akiwa na mtu huyo akilini.

Kuwekwa nyuma ya mlango si hukumu ya milele. Famwea mpya inaweza kuziba tundu lililokuwa likikwamisha chipu, au draiva ikajifunza kuiweka upya kwa uhakika, na jaribio lililokuwa la hatari likawa la kawaida. Kinyume chake hutokea pia: kizazi kipya cha chipu huja na sharti ambalo jaribio la zamani hulivunja bila kujua. Kwa hiyo orodha ya majaribio yaliyofungwa hupitiwa kila kizazi kipya cha vifaa kinapoanza kuhudumiwa. Kulihamisha jaribio upande mmoja au mwingine ni badiliko la mstari mmoja au miwili katika msimbo, na maelezo ya badiliko hilo hutaja chipu zilizopimwa, toleo la famwea lililotumika, na kilichoonekana.